Ndugu hawataki baba apasuliwe kongosho, na yeye mwenyewe hajaambiwa anaumwa nini

SWALI

Shikamoo dada, pole na kazi. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi, niko Ujiji huku Kigoma, nafundisha shule ya msingi, sijawahi kukuandikia ila safari hii nyumbani kwetu hapakaliki na sina wa kumuuliza ambaye hayumo kwenye ugomvi.

Ni kuhusu baba. Ana miaka 61, fundi wa maboti ya mbao pale Kibirizi, mtu wa nguvu zake, hajawahi kulazwa hata mara moja. Ilianza kuwashwa mwili, yani usiku halali, anajikuna mgongo kwa gunzi la mahindi mpaka asubuhi shuka lina madoa ya damu, sisi tukajua ni aleji tukawa tunamnunulia vidonge duka la dawa. Siku zikaenda, mama akaona macho yamekuwa ya njano, mkojo mweusi wa chai ya rangi, choo nacho kimekuwa cheupe cheupe. Kupima malaria hana, homa ya ini hana. Na haumwi popote! Ila amekonda, suruali zake zote sasa anafunga kamba.

Hospitali ya mkoa wakampima ultrasaundi wakasema mrija wa nyongo umetanuka na kibofu cha nyongo kimejaa, kuna kitu kimeziba huko chini, wakatupa rufaa ya Mwanza. Huko akapigwa siti skani ile ya kuwekewa dawa kwenye mshipa, ikaonekana ana uvimbe kwenye kichwa cha kongosho, kama sentimita 3. Daktari alituita mimi na mdogo wangu wa kiume akatuelezea vizuri tu, ila mi nilikuwa nimechanganyikiwa sikushika hata nusu. Nilichoshika ni kwamba inaelekea ni saratani, kwa wanavyoona haijasambaa, inaweza kutolewa kwa opereshini kubwa inayoitwa Whipple, na turudi baada ya wiki mbili alazwe aanze kuandaliwa. Tukarudi nyumbani kujipanga.

Ndo vita ikaanzia hapo. Baba mdogo alikuja kutoka Kasulu usiku uleule, anasema kaka yake hapasuliwi, ana jirani yake alifunguliwa tumbo akafungwa bila kutolewa kitu na baada ya muda mfupi akafariki, anasema saratani ikishapigwa upepo inasambaa. Mama anasema ini likiguswa tu mtu amekwisha, na ameshapata mtaalamu huko njia ya Manyovu wa kumchanja chale na kumpa dawa ya mizizi ya kunywa. Kaka mkubwa yuko Dar, anasema asiguswe na mtu mpaka atafute hela ampeleke India. Mi hela ya matibabu sio kilio changu sana maana mzee yuko kwenye kadi yangu ya bima, kilio changu ni uamuzi.

Na kuna jambo linaninyima usingizi zaidi. Baba tumemwambia ana vijiwe vya nyongo. Kikao kilikubaliana asiambiwe ukweli, atakata tamaa. Kila nikitoka shule ananiuliza "mwanangu, hivyo vijiwe vinatolewa lini?" namkwepa naingia ndani.

Dada nisaidie. Hiyo opereshini wanakata nini na nini? Ini lake litakatwa? Mtu anaweza kuishi bila kongosho? Ya upepo ni kweli? Na je tunakosea kumficha? Wiki ya kwanza imeshaisha.

Mtoto wa fundi, Ujiji

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Poleni sana, mpe pole mama, na mzee Mungu amsimamie. Kabla sijaanza kuandika hapa nilikuwa nesi wodi ya upasuaji kwa miaka mingi na wagonjwa wa namna ya baba yako nimewahudumia, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu, ila picha zake mimi sijaziona, aliyeziona ni daktari wake, na ya kitabibu yakipingana na niliyoandika hapa msikilizeni yeye.

Naanza na tarehe. Msiipoteze hiyo tarehe hata kama hamjakubaliana chochote. Kwenda hospitali sio kukubali kupasuliwa, fomu inasainiwa baadaye kabisa na mtu anaweza kukataa hata akiwa ameshalazwa. Nakazania hivi kwa sababu saratani ya kongosho inajificha sana, kati ya wagonjwa 10 wanaogundulika nayo ni kama wawili tu ambao bado inaweza kutolewa, wengine wote wanafika imeshashika mishipa mikubwa ya damu au imeshahamia kwenye ini. Baba yako yumo kwenye hao wawili, kwa leo. Nafasi hiyo haidumu, na hata siti skani yenyewe inapitwa na wakati, ukipita kama mwezi hivi madaktari wengi watataka ipigwe nyingine ndo wajue kama bado inawezekana.

Sasa elewa kilichomtia njano, maana hapo ndo utapata cha kumwambia mama. Kongosho liko nyuma ya tumbo la chakula, urefu wake ni kama sentimita 15, na limelala mle ndani kama samaki wa mgebuka kwenye sinia, kichwa kiko kulia kimezungukwa na mwanzo wa utumbo mdogo, mkia unaelekea kushoto hadi kwenye wengu. Linatoa maji ya kusaga chakula, hasa mafuta, na linatoa insulini ya kudhibiti sukari. Ule mrija unaoleta nyongo kutoka kwenye ini unapita ndani ya hicho kichwa kabla ya kumwaga nyongo kwenye utumbo, kwa hiyo uvimbe ukiota pale unaubana, nyongo inakosa pa kupita inarudi kwenye damu, ndo macho ya njano, ndo mkojo ule mweusi, ndo kuwashwa mpaka anajikuna kwa gunzi la mahindi, na choo kinakuwa cheupe kwa sababu rangi ya choo inaletwa na nyongo ambayo sasa haifiki. Ini la mzee limezibiwa njia tu. Vipimo vya homa ya ini kutoka safi ni sawa kabisa, tatizo liko chini ya ini. Na kwa taarifa yako uvimbe wa kichwani mwa kongosho una nafuu moja, unatoa njano mapema, ungekuwa mkiani angekonda kimyakimya mpaka siku ambayo hakuna cha kukata. Kwa hiyo na wengine mnaosoma hapa, mtu mzima akipata njano bila maumivu yoyote asinunuliwe vidonge vya aleji wala dozi ya malaria, apelekwe akapigwe ultrasaundi wiki hiyohiyo.

Hiyo Whipple ni jina la daktari wa upasuaji wa Marekani, Allen Whipple, aliyeandika kuhusu wagonjwa wake mwaka 1935, ingawa Mjerumani Walther Kausch alishafanya inayofanana nayo mwaka 1909. Kinachotolewa ni kichwa cha kongosho pamoja na uvimbe, ule utumbo wa mwanzo unaokizunguka, kibofu cha nyongo, kipande cha chini cha mrija wa nyongo, na wakati mwingine sehemu ya mwisho ya tumbo la chakula. Vinatolewa pamoja kwa sababu vinatumia mishipa ya damu ileile, huwezi kuchomoa kichwa ukauacha utumbo ukiwa hai. Mwili na mkia wa kongosho vinabaki. Halafu inakuja kazi ya kuunga, utumbo unavutwa juu unashonwa na kongosho lililobaki, unashonwa na mrija wa nyongo, unashonwa na tumbo la chakula, ili vyote viendelee kumwaga humo. Kuunga huku ndo kunakokula muda, kwa hiyo mkikaa nje ya thieta masaa manne, sita, hata nane msianze kupigiana simu za msiba, opereshini hii ndivyo ilivyo.

Ini halikatwi. Kwenye opereshini hii ini wanaliangalia tu kama kuna madoa ya saratani. Ila hata ule msemo wa mama kwamba ini likiguswa mtu amekwisha hauko sawa, tena nataka uusahihishe hapo nyumbani kwa sababu kuna siku utamnyima mtu mwingine matibabu. Ini zima lisilo na ugonjwa linaweza kukatwa hata asilimia 70 na likakua upya ndani ya wiki na miezi, halirudi kwenye umbo lake la zamani ila linarudi kwenye ukubwa unaotosha kazi. Kuna watu wazima wanakatwa kipande wanampa mtoto wao au ndugu yao na wote wawili wanaishi. Hatari inakuja ini likiwa limeshasinyaa na kuwa na makovu, kwa pombe au kwa homa ya ini B ya miaka mingi, hapo kipande kinachobaki hakina nguvu ya kukua na daktari atasita kukata. Wewe na wadogo zako mliozaliwa kabla ya 2002, kabla chanjo ya homa ya ini B haijaingia kwenye chanjo za watoto hapa kwetu, kapimeni, na ambaye hana achanjwe, dozi ni tatu.

Umeuliza kama mtu anaishi bila kongosho. Anaishi, hata likitolewa lote, ila anakuwa mtu wa sindano za insulini na vidonge vya enzaimu, yani vya kusaga chakula, maisha yake yote. Kwa Whipple linabaki zaidi ya nusu kwa wengi, baadhi wanapata kisukari na baadhi hawapati, mzee apimwe sukari kabla ili mjue alikoanzia.

Hatari yake sikufichi. Miaka ya 1960 na 1970 hata hospitali kubwa za nje zilikuwa zinapoteza wagonjwa mpaka kama 25 kati ya 100 kwa opereshini hii. Leo kwenye hospitali ambazo timu yake inaifanya mara kwa mara wanaofariki kwa opereshini yenyewe ni chini ya 5 kati ya 100, na pale inapofanywa kwa nadra idadi inapanda. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza daktari bila woga wala aibu ni hili, hapa mnafanya ngapi kwa mwaka na wagonjwa wanaendeleaje. Daktari mzuri hachukii swali hilo, na akiona wenzake wa Muhimbili wana uzoefu zaidi atakwambia na kukuandikia rufaa. Kinachosumbua zaidi ya kifo ni matatizo ya baadaye, theluthi nzima ya wagonjwa na hata zaidi wanapata moja au jingine. Lile linaloogopwa zaidi ni pale kongosho liliposhonwa na utumbo kuvuja, maji yake ni makali, yanasaga nyama, ndo maana mzee atatoka na mipira miwili mitatu tumboni ya kutolea maji, na manesi watakuwa wanapima kila siku ni kiasi gani na ya rangi gani. Lingine ni tumbo kugoma kusukuma chakula, mtu anakaa wiki anatapika, inachosha ila inapita. Kuna kuvuja damu, kuna usaha. Tegemeeni ICU, yani wodi ya wagonjwa mahututi, siku za mwanzo na wodi wiki moja mpaka mbili kama mambo yamenyooka, zaidi kama hayajanyooka.

Na hata ikitoka salama kuna suala la kurudi. Uvimbe utapelekwa maabara ndo jina lake litajulikana kwa uhakika. Ikiwa ni saratani ya kongosho lenyewe atahitaji kemo, yani dawa za kuua saratani, baada ya kupona, kwa kawaida miezi sita, na hata hivyo kwa wengi inarudi, wanaofika miaka mitano ni kama mmoja kati ya watano. Ikiwa imeanzia kwenye kitundu pale mrija unapoingilia kwenye utumbo, hiyo ina matumaini makubwa zaidi. Mara chache inakuta haikuwa saratani kabisa, ni kongosho lililovimba na kuwa gumu kwa ugonjwa wa muda mrefu. Najua utajiuliza mbona hawakukata kinyama kwanza wapime. Kwa uvimbe wa hapo unaoonekana unatoka, madaktari wengi hawalazimishi, maana kinyama kikitoka safi hakiwatoi wasiwasi, sindano inaweza kukosa penyewe.

Baba mdogo. Usimdharau, yule jirani yake kweli alifariki na yeye aliona kwa macho yake. Kilichotokea inaelekea ni hiki, kuna vidoa vidogo vya saratani juu ya ini au kwenye ngozi ya ndani ya tumbo ambavyo siti skani haivioni, daktari akifungua akavikuta haendelei, kwa sababu kutoa kichwa cha kongosho wakati mbegu zimeshatawanyika ni kumuumiza mtu bure, anamfunga. Mgonjwa akifariki baadaye ndugu wanasema ni kufunguliwa, kumbe alikuwa ameshatawanyikiwa kabla ya kisu. Upepo hausambazi saratani. Ila mwambie baba mdogo aje na hoja yake hospitali aseme mbele ya daktari, amuulize, mkifungua mkakuta imesambaa mtafanya nini? Hilo ni swali zuri kuliko yote kwenye kikao chenu. Jibu ambalo mnataka kulisikia ni kwamba kama haitoki basi wataunganisha utumbo na mrija wa nyongo, na tumbo na utumbo, ili njano ipungue, kuwashwa kuishe na chakula kipite. Hospitali nyingine wanaanza kwa kuchungulia kwa kamera kupitia tundu dogo kabla ya kufungua tumbo zima, muulizeni kama hiyo ipo.

Ndo maana naona kikao chenu kinabishania kitu ambacho sicho. Mnabishana apasuliwe asipasuliwe, wakati cha kujua ni anapasuliwa kwa ajili ya nini, kuutoa ugonjwa wote au kufungua njia ya nyongo, ni mambo mawili tofauti yenye uzito tofauti. Na hata mzee akikataa kupasuliwa kabisa bado kuna la kumfanyia, kuna kamera inayopitishwa mdomoni wanaweka kijimrija kwenye njia ya nyongo, stenti, na siku chache baadaye anaanza kulala usiku. Akisema hapana kwa kisu bado ana haki ya kutibiwa.

Kwa mtaalamu wa Manyovu naomba usimame imara, na umpe mama sababu hii, maana ni ya kweli. Nyongo isipofika kwenye utumbo mwili haunyonyi vitamini K, na bila vitamini K damu haigandi. Mtu mwenye njano ya namna hii ukimchanja chale anaweza kutoka damu isikatike. Hospitali wenyewe hawamgusi mpaka wapime damu inavyoganda na kumchoma sindano za vitamini K. Dawa za mizizi nazo zinapita kwenye ini lilelile ambalo limeelemewa, kuna wagonjwa waliokuwa wa kupasuliwa Jumatatu wakaahirishwa kwa sababu figo na ini vimeharibika baada ya kunyweshwa chupa ya kienyeji. Kama ameshakunywa kitu mwambieni daktari ukweli. Mama anataka kumfanyia mume wake jambo, mpe kazi: mzee anywe maji, ale kidogo kidogo mara nyingi, atembee asubuhi na jioni hata kama ni mpaka msikitini na kurudi, na kama anavuta sigara aache leo, mapafu yake ndo yatakayomtoa ICU.

Sasa la kumficha. Mnakosea mdogo wangu, na nakwambia kwa upendo. Kwanza haiwezekani, mgonjwa mwenye akili zake timamu anasaini mwenyewe, daktari atamweleza uso kwa uso kinachokatwa na hatari zake, kwa hiyo atasikia saratani kutoka kwa mtu mgeni, Mwanza, na hapohapo atajua kwamba wanawe na mkewe walikuwa wanajua. Pili, mwenye tumbo ni yeye. Fundi wa maboti aliyepima mbao maisha yake yote anajua kufanya uamuzi mgumu, huenda atakubali haraka kuliko nyie, huenda atasema hapana, huenda ana deni la mtu, ana boti la mteja halijaisha, ana wosia anataka kuandika, ana ndugu anataka wapatane. Mkimficha mnamnyima hayo yote. Na kwa uzoefu wangu wengi wanakuwa wameshahisi. Anayekuuliza kila siku "hivyo vijiwe vinatolewa lini" mara nyingi anakupa nafasi ya kusema.

Usimwambie kwenye kikao mbele ya watu kumi. Kaa naye baada ya alasiri, wewe na yeye tu au na mama kama ana moyo, umuulize, "Baba, unataka nikueleze yote waliyosema madaktari au nikueleze kidogo kidogo?" Akisema yote, sema: sio vijiwe, ni uvimbe kwenye kongosho, madaktari wanadhani ni saratani, wanasema inaweza kutolewa, opereshini ni kubwa. Halafu nyamaza. Usijaze ukimya kwa maneno ya matumaini, mwache aulize yeye. Akisema hataki kujua, muulize anataka nani aamue kwa niaba yake, na hilo mwambieni daktari pia.

Kaka yenu wa Dar ana nia njema, ila India kutafutiwa hela, pasi na viza ni wiki nyingi, na uvimbe hausubiri. Kama anataka maoni ya pili, aombeni siti skani iwekwe kwenye sidii pamoja na ripoti, aipeleke Muhimbili kwa madaktari wa upasuaji wa ini na kongosho waiangalie, mzee akiwa tayari yuko wodini Mwanza anaandaliwa. Hiyo ndo kazi ya maana anayoweza kufanya wiki hii. Nyie mlioko Kigoma tafuteni ndugu wa kuchangia damu, wawili watatu wenye afya, na muulizeni mhudumu wa bima mapema nini kinalipiwa na nini hakilipiwi, hasa vifaa vya thieta na dawa za baadaye, kama kuna pengo ofisi ya ustawi wa jamii pale hospitali ipo kwa ajili hiyo. Basi la kupitia Kibondo na Kakonko linachosha hata mtu mzima wa afya, ondokeni mapema mzee apate siku ya kupumzika kabla ya kulazwa.

Akitoka salama maisha ya nyumbani yatabadilika na mpishi inabidi ajue. Kongosho likipungua mafuta hayasagwi, na sisi Kigoma mboga bila mawese tunaona haijaiva. Mawese yatapungua sana mwanzoni, mgebuka wa kuchemsha badala ya kukaanga, sahani ndogo mara sita kwa siku badala ya ugali mkubwa mara mbili. Mwangalieni choo: kikiwa chepesi, kinanuka sana, kinang'aa mafuta na kikiwekwa maji kinaelea, ujue mafuta yanapita bila kusagwa, na kwa choo cha shimo hamtaona, kwa hiyo awe na ndoo wiki za mwanzo. Hapo ndo anapewa vidonge vya enzaimu, vinamezwa pamoja na chakula, kimoja anapoanza kula na kingine katikati, sio saa moja baadaye. Na kama nyie ni Waislamu nakueleza mapema msije mkagundua baadaye: enzaimu hizo zinatengenezwa kutokana na kongosho la nguruwe. Mzee aambiwe, azungumze na shehe wake, wanazuoni wengi wanaruhusu dawa ya namna hiyo kwa dharura pasipo na mbadala, ila ni haki yake kujua kabla ya kumeza. Habari ya kufunga Ramadhani nayo aiulize kwa daktari na shehe wote wawili, hasa akiwa na kisukari.

Mwisho, kati ya leo na siku ya safari. Akipata homa na kutetemeka huku njano inazidi, au akachanganyikiwa maneno, au akatapika kila anachokula, au akatoa damu kwenye fizi au choo kikawa cheusi ti, msisubiri tarehe ya Mwanza. Homa na njano pamoja maana yake nyongo iliyoziba imeingiwa na wadudu, na hiyo inaua kwa siku chache. Mpelekeni hospitali ya mkoa pale Maweni usiku huohuo, na ile barua ya rufaa na ripoti ya siti skani muwe nazo mkononi.